Mchu wa mbele na mchu wa nyuma: chumvi ya kupima ni ile iliyo ndani ya tope

Swali: Mimi ni mwalimu wa biolojia katika shule ya upili, pwani ya kusini ya Kenya. Niliwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu mikokoni, tukavuta kamba ya mita 200 kutoka ukingo wa bahari kuelekea nchi kavu. Kila baada ya mita 20 tuliweka kiwanja cha mita 5 kwa 5, tukahesabu miti kwa aina zake, mikubwa kwa midogo, kisha tukapima chumvi ya maji, pH na joto. Michu, aina mojawapo ya mikoko, tuliipata hivi, kuanzia baharini: 7, 4, 0, 0, 0, 0, 1, 3, 6, 9. Chumvi ilikuwa 35 au 36 kila mahali, na pH 7. Wanafunzi wameandika kwamba mchu haujali chumvi wala umbali kutoka baharini. Siamini, lakini sina la kuwajibu. Tumekosea wapi, na tungepima nini?

Jibu: Mwalimu, hesabu yenu ya miti naiamini. Mchu, Avicennia marina kwa jina la kitaalamu, una tabia ambayo mikoko yetu mingine haina: huota katika mikanda miwili iliyoachana. Mkanda wa kwanza uko mbele, upande wa bahari, pamoja na mlilana au nyuma yake kidogo. Wa pili uko nyuma kabisa, mahali ambapo maji hufika kwa nadra. Katikati wanatawala mkoko (hapa ni aina moja ya mti, si mikoko yote), muia na mkandaa, na mchu ukiuona huko ni mmoja mmoja. Watafiti wameueleza mpangilio huu katika Ghuba ya Gazi, huko huko kwenu Kwale. Namba zenu zinaanza juu, zinashuka hadi sifuri, kisha zinapanda tena, na hiyo ndiyo sura yake hasa. Wanafunzi wameona vizuri. Kilichowapotosha ni maji waliyoyachota na hesabu waliyoitumia kuyafungamanisha na miti.

Tuanze na maji. Kwa namba hizo, bila shaka mlichota yale yaliyokuwa juu ya tope, kwenye vidimbwi na vijito vilivyobaki bahari ilipokupwa. Maji hayo ni bahari yenyewe, imeingia saa chache zilizopita na haijapata muda wa kubadilika. Ndiyo maana mlisoma 35 na 36 kutoka mwanzo wa kamba hadi mwisho: hiyo ni chumvi ya Bahari ya Hindi, takriban gramu 35 katika kila kilo ya maji. Mizizi haiishi kwenye vidimbwi. Inayonyonya iko ndani ya tope, na maji ya mle ndani yana maisha yake.

Karibu na bahari, tope huoshwa kila maji yanapojaa, mara mbili kwa siku, kwa hiyo chumvi yake haiendi mbali na ya bahari. Huko nyuma mambo ni mengine. Bahari hufika siku chache za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mpevu, inaondoka, jua linapiga, maji yanakuwa mvuke na chumvi inabaki. Bamvua lijalo linaleta nyingine juu ya ile ya zamani. Kufikia mwisho wa kaskazi, kabla ya masika, maji ya ndani ya tope katika uwanda wa nyuma yanaweza kuwa na chumvi zaidi ya mara mbili ya bahari, na mahali pengine panabaki peupe kabisa, hapana mti, pana ukoko mweupe tu juu ya ardhi. Masika yakishuka, maji ya mvua kutoka bara yanapita pale pale na chumvi inaweza kushuka chini ya ile ya bahari. Mchu wa nyuma unavumilia hali zote mbili ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ni tofauti na kusema haujali chumvi. Unailipia: mara nyingi michu ya nyuma ni mifupi, imejikunja na kutawanya matawi chini chini, wakati ile ya mbele imesimama mirefu. Kama mngepima urefu wa miti badala ya kuihesabu tu, nadhani mngeliona hili siku ile ile.

Mchu unaweza maisha hayo kwa sababu hutoa sehemu ya chumvi kupitia majani yake. Asubuhi ya kiangazi waoneshe wanafunzi chembe nyeupe zilizokaa juu ya jani. Mkoko na mkandaa hawana njia hiyo. Wao hutegemea zaidi kuizuia chumvi kwenye mizizi, na chumvi ikizidi sana ndani ya tope wanazidiwa kabla ya mchu.

Sasa, jinsi ya kuyapata maji ya ndani. Chukua mrija mgumu wa plastiki wenye urefu wa nusu mita, toboa matundu madogo kwenye sentimita tano za chini, zungushia kitambaa ili tope lisiingie, ziba ncha. Usukume ndani ya tope hadi sentimita 20 au 30, karibu na mizizi, kisha uvute maji kwa bomba la sindano kupitia mpira mwembamba. Maji ya kwanza yamwage, kwa kuwa yamechanganyika na yale ya juu yaliyoteremka pembeni ya mrija. Yale ya pili yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uweke matone mawili matatu kwenye kioo cha rifraktomita, chombo cha kupimia chumvi kwa kutumia mwanga. Ukiinua chombo kuelekea mwanga utaona rangi ya buluu juu na nyeupe chini, na mpaka wa rangi hizo ndio kipimo chako. Tope likiwa bado lipo, mpaka huo unakuwa na ukungu na kila mwanafunzi atasoma namba yake. Hapo msibishane, chujeni tena. Kabla ya kuanza, hakikisheni maji safi yasiyo na chumvi yanasoma sifuri, na baada ya kila kipimo osheni kioo na kukikausha, la sivyo chumvi ya kiwanja kilichotangulia itahamia kwenye kiwanja kinachofuata. Katika kila kiwanja pimeni mahali patatu, kwani matundu ya kaa yanapitisha maji na hatua mbili tu zinaweza kubadili kipimo.

Kuhusu pH sina mengi. Karatasi za rangi hazina uwezo wa kuonesha tofauti ndogo zilizoko mikokoni, na tope likitolewa nje likapigwa na hewa, pH yake huanza kubadilika. Kama hamna mita ya kupimia papo hapo, iacheni. Kipimo cha joto pia kinafuata saa ya kupimia kuliko mahali: kiwanja cha saa mbili asubuhi na kiwanja cha saa sita mchana haviwezi kulinganishwa. Heri muda huo mwutumie kushika tope mkononi na kuandika kama ni mchanga, ni mchanganyiko au ni tope laini linalonata, na kama likichimbuliwa linanuka yai viza. Harufu hiyo ni dalili kwamba humo ndani hakuna oksijeni, na inaeleza kwa nini mchu umetoa ile mizizi ya kupumulia iliyosimama kama penseli kuuzunguka.

Kipimo ninachokiona kikubwa kuliko vyote hamkukigusa kabisa: kila kiwanja hufunikwa na maji mara ngapi kwa mwezi. Umbali wa mita 200 kutoka baharini hauambii mti chochote. Mti unaijua bahari kwa jinsi inavyoufikia, na hilo linategemea kimo cha ardhi, ambacho kinaweza kupanda na kushuka njiani bila jicho kugundua. Mwaka 1928, J. G. Watson, aliyefanya kazi katika misitu ya mikoko ya Malaya, aliipanga mikoko kwa madaraja matano kufuatana na mara ambazo ardhi hufunikwa, kuanzia ile inayofunikwa na kila maji kujaa hadi ile inayofikiwa mara mbili au chini ya hapo kwa mwezi. Madaraja yake hayalingani moja kwa moja na pwani yetu, lakini wazo lake bado ni imara.

Kulipima hamhitaji mpimaji wa ardhi. Chagueni siku ya bamvua, bahari ikiwa shwari. Asubuhi maji yakiwa yamekupwa, pigeni kijiti imara katika kila kiwanja na kukifunga kwa urefu wake wote ukanda wa kitambaa cheupe uliochovywa rangi ya chakula na kukaushwa. Maji yakijaa yataondoa rangi hadi pale yalipofikia. Siku inayofuata, maji yakikupwa tena, pimeni kutoka kwenye tope hadi mwisho wa sehemu iliyopauka. Kitambaa hunyonya maji na kupandisha alama kidogo, lakini kwa vijiti vyote ni sawa, kwa hiyo haiharibu ulinganisho. Ndani ya ghuba iliyotulia, uso wa maji yaliyojaa ni karibu sawa kwa mita 200 zote, hivyo tofauti ya kina ndiyo tofauti ya kimo cha ardhi.

Kisha fungueni jedwali la kujaa na kupwa la Kilindini. Tuseme kujaa kukubwa kwa usiku na mchana ule kulikuwa mita 3.8. Kiwanja ambacho alama ilifika mita 1.5 kina kimo cha 3.8 kutoa 1.5, yaani mita 2.3. Kiwanja ambacho alama ilifika sentimita 20 tu kina kimo cha mita 3.6. Baada ya hapo ni kuhesabu: katika mwezi mwandamo mmoja bahari hujaa kama mara 57. Ni mara ngapi jedwali linaonesha zaidi ya 2.3, na ni mara ngapi zaidi ya 3.6? Kiwanja cha kwanza kitafunikwa karibu kila mara, hata siku za maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu. Cha pili kitaguswa siku chache za bamvua, basi. Wanafunzi wakiifanya hesabu hii kwa viwanja vyote kumi, watakuwa na safu ya namba inayosema jambo la kweli kuhusu maisha ya mti.

Sasa nije kwenye takwimu, maana hapa ndipo hitimisho la "haujali umbali" lilipotokea. Nimeziweka namba zenu kumi kwenye fomula ya Spearman, inayopima uhusiano wa vitu viwili, dhidi ya umbali, nikapata 0.28 hivi. Kwa viwanja kumi unahitaji angalau 0.648 ili useme kuna uhusiano. Mwanafunzi anayefuata kanuni ataandika kwamba hakuna uhusiano, na kwa kanuni hiyo yuko sawa. Lakini Spearman huuliza swali moja tu: je, kitu kimoja kikiongezeka, cha pili kinaongezeka daima au kinapungua daima? Mchu unashuka kisha unapanda. Nusu ya kwanza inaifuta nusu ya pili, na jibu linakaribia sifuri hata kama mpangilio uko wazi kwa macho. Wafundishe wachore grafu kwanza, waitazame, ndipo wachague hesabu. Kwa mchu, gaweni transekti, yaani ule mstari wa kamba: viwanja vya mbele peke yake na vya nyuma peke yake. Mkishakuwa na viwanja vya kutosha kila upande, kila mkanda utajibu swali lake. Kwa mkandaa na mkoko, ambao wana mkanda mmoja, mtaona kilima kimoja katikati, na hapo pia Spearman wa transekti nzima atawadanganya.

Viwanja vya kutosha havitoki kwenye kamba moja. Kamba moja inaweza kuwa imepita juu ya kijito kilichofukiwa au kwenye mwinuko wa mchanga, na kila mlichokipata kikawa ni habari ya njia ile tu. Vuteni angalau tatu. Mahali pa kuanzia kila kamba pachaguliwe kwa bahati nasibu: pimeni ukingo wa msitu, tuseme mita 300, andikeni namba kwenye vikaratasi, mwanafunzi achomoe. Msiiache kwa mtu kusema "hapa panapitika". Panapopitika kwa kawaida ni mahali palipokatwa.

Na katika kuhesabu, tenganisheni watoto na wazee. Kiwanja chenye michu tisa ya unene wa kidole na kiwanja chenye michu tisa iliyokomaa mmevipa namba ile ile, ilhali vinasema mambo tofauti. Miche inaonesha mbegu ilipopelekwa na maji mwaka huu, na miti mikubwa inaonesha ni wapi zilizofika zamani zimenusurika. Katika tafiti nyingi za mikoko ya Kenya, mti huanza kuhesabiwa kama mti shina likifika kipenyo cha sentimita 2.5. Chini ya hapo miche hugawanywa kwa urefu: isiyofika sentimita 40, ya 40 hadi 150, na iliyozidi 150. Kipenyo hupimwa mita 1.3 kutoka ardhini, isipokuwa kwa mkoko wenye ile mizizi ya kuegemea, ambao hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Mtumie mgawanyo huo, ili siku moja namba zenu ziweze kukaa kando ya za watu wengine. Miti ikiwa mikubwa na imeachana, kiwanja cha mita 5 kwa 5 ni kidogo. Wekeni 10 kwa 10, na ndani yake kona moja ndogo kwa ajili ya miche.

Wanafunzi watakuuliza: kama mchu unaweza kuishi mbele na unaweza kuishi nyuma, kwa nini usiishi katikati, ambako hali si kali kama kwenye ncha hizo mbili? Ni swali zuri, na chumvi hailimalizi. Mchu unapenda mwanga. Chini ya mkoko au mkandaa uliofunga, mche wa mchu haupati jua la kutosha. Wapo pia kaa wanaokula mbegu na miche, na konokono wakubwa wa mikokoni, ambao huko Gazi wamechunguzwa wakila majani na mbegu zilizoanguka. Kwa hiyo mkipima mwanga, pimeni kwa uwiano: somo la chini ya miti gawanya kwa somo la mahali peupe lililochukuliwa dakika ile ile, maana wingu moja likipita namba tupu haina thamani. Simu yenye kipima mwanga inatosha, ili mradi ni simu moja kwa viwanja vyote.

Lipo jambo jingine ambalo vitabu vya shule hulisahau na ambalo kwa pwani ya kusini siwezi kulinyamazia. Msitu mnaoupima una historia ya watu. Huko Gazi, miaka ya 1970, sehemu kubwa zilikatwa ili kupata kuni za viwanda vya chokaa na matofali, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1990 Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, pamoja na wanakijiji, ilianza kupanda upya. Leo kundi la Mikoko Pamoja linatunza sehemu ya msitu huo na kuuza hewa ukaa. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Lakini mtafiti akipita humo asijue, ataona mkanda safi wa mkoko mtupu, miti ya rika moja iliyosimama kwa mistari, na ataandika kwamba chumvi ndiyo iliyoupanga, kumbe ni mikono ya watu. Na hata mahali ambapo hapajapandwa, watu wamekuwa wakitoa fito, pau, mazio na boriti, yaani miti ya kujengea ya unene mbalimbali, kwa vizazi, na mkoko na mkandaa ndio wanaotafutwa zaidi. Kwa hiyo hesabuni visiki pia, kwa aina kama vinatambulika, na kabla ya kuvuta kamba kaeni na mzee mmoja wa kijiji, awaoneshe palipokatwa, palipopandwa na palipojiotea. Jibu lake liandikwe kwenye jedwali kando ya chumvi na kimo, likiwa safu kamili.

Haya yote yana faida nje ya darasa. Mahali pengi miche ya mkoko imechomekwa kwenye tope la mbele kabisa kwa sababu mbegu zake ni rahisi kuokota na kupanda, na imekufa, kwa kuwa pale ni mahali pa mlilana na mchu. Mtu anayejua kupima mara ambazo ardhi inafunikwa angeliona hilo kabla ya kupanda mche wa kwanza. Nami ningependa wanafunzi wako wawe watu hao.

Kwa safari ijayo, nendeni siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu. Kwa pwani yetu, siku hizo maji hukupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo mnaweza kuanza upande wa bahari na kurudi mkielekea bara huku maji yakianza kugeuka nyuma yenu. Usiruhusu kundi lolote lianzie bara kwenda baharini. Bamvua linajaa haraka na vijito hufunga njia ya kurudi kabla viwanja vya mbele havijafunikwa. Mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, hivyo iarifuni mapema ofisi ya Huduma ya Misitu iliyo karibu pamoja na kundi la jamii linalotunza msitu huo, hasa kwa kuwa mtapiga vijiti na kuviacha usiku.

Data mliyonayo msiitupe. Ile hesabu ya miti kwa aina ni nzuri, irudieni kwenye grafu moja: umbali chini, idadi pembeni, mstari mmoja kwa kila aina ya mti. Safu ya chumvi bakini nayo, ila mbadilishe jina lake iwe "chumvi ya maji ya juu ya tope, maji yakiwa yamekupwa", na kando yake mwache safu tupu ya maji ya ndani. Mkijaza hiyo mara mbili, mara moja mwishoni mwa kaskazi na mara moja baada ya masika kukolea, nitumie zote mbili. Ningependa hasa kuona viwanja vyenu vitatu vya mwisho.